Rubani wa Pili

Kihanga, Jumamosi, saa nane mchana

Kemilembe mwanangu,

Umekwenda Kayanga kutafuta begi lenye zipu isiyokwama, nami nakujua, hutarudi kabla hujayazunguka maduka yote mara tatu. Kwa hiyo nina muda. Mama yako yuko jikoni anamenya ndizi, na kila akipita dirishani ananichungulia nimekaa na kalamu, jambo ambalo hajaliona tangu nilipoandika barua ya kulalamikia mpaka wa kibanja. Hajauliza kitu. Mambo ya sweta, dawa za malaria na kutokulala na nywele mbichi amekwisha kukuambia, tena mara nyingi kuliko ulivyotaka. Mimi sina la kuongeza kuhusu soksi.

Naandika kwa sababu kwa mdomo nisingefika mwisho. Ningefoka, wewe ungelia, mama yako angetupatanisha kabla sijaligusa lenyewe, halafu tungekula kana kwamba hakuna lililotokea. Nyumba hii imekula ndizi nyingi kwa namna hiyo.

Nianze na linaloniuma. Jumapili iliyopita ulipokuwa kwenye kwaya, simu yako ililia pale mezani ilipokuwa ikichajiwa. Nikaitazama nikidhani ni shangazi yako. Kwenye kioo palisomeka "Baba Mkubwa Boni". Mimi nilikuwa na kaka mmoja tu, na kaburi lake liko nyuma ya nyumba, unalipalilia mwenyewe kila Krismasi. Sikupokea. Ilipokatika, ujumbe ukajitokeza wenyewe: "Binti yangu, nafasi imethibitishwa, nitakupokea stendi. Mzee usimwambie mpaka ufike." Nikausoma mara mbili, nikaiweka simu kama ilivyokuwa, nikaenda kukata majani ya mgomba ambayo hayakuhitaji kukatwa.

Kumbe umekuwa ukizungumza na Bonifasi kwa siri. Mwaka mzima uliniambia kwamba nafasi ya chuo cha urubani umeipata kwa matokeo yako peke yake, nami nikatembea kifua mbele, nikamwambia hadi katekista. Umenisaliti, Kemi. Wiki nzima nimetafuta neno dogo kuliko hilo, sijalipata. Lakini katika kulitafuta nimeona kitu kingine: wewe humjui Bonifasi, na humjui kwa sababu mimi sikukuambia. Ulichoambiwa ni kwamba ni rafiki wa zamani wa baba yako waliyepotezana. Hiyo nayo ilikuwa njia yangu ya kukuficha, na nimeanza mimi kabla yako.

Kile kitabu changu cha buluu unakijua. Kile cha kuandikia safari za ndege, kilichokaa ndani ya kopo la biskuti chini ya kitanda chetu. Ulijifunzia kujumlisha humo. Ulikuwa unapenda zile safu: tarehe, namba ya ndege, rubani wa kwanza, rubani wa pili, kutoka, kwenda, saa za mchana, saa za usiku, maoni. Ulipokuwa darasa la tatu uliniuliza kwa nini baada ya ukurasa mmoja kurasa zote ni tupu. Nikakujibu, "Siku hiyo nilikosea kutua, mtu akafa." Ukafikiri kidogo, ukanishika goti ukasema, "Kila mtu anakosea, Tata. Ilikuwa vita." Ukanisamehe pale pale kosa ambalo si langu, nami nikaupokea msamaha wako na kuukalia. Hilo limeniwasha miaka yote hii kuliko hata uongo wenyewe.

Sasa sikia lilivyokuwa.

Bonifasi ni wa Kibingo. Tulikutana jeshini, vijana wawili wanaozungumza Kinyambo katikati ya watu waliotuuliza kama Karagwe ni nchi jirani. Alinitangulia miaka mitatu, kwa umri na kwa kazi. Tulipopata likizo ya kwanza pamoja tukaenda kwao, na baba yake mdogo akatunywesha omukago, ule undugu wa damu. Umelisikia hilo neno kwa wazee. Buni moja ya kahawa ina punje mbili. Tukachanjwa kidogo juu ya kitovu, kila mmoja akapaka punje yake damu, akampa mwenzake, tukameza. Padre angejua angetunyima komunyo. Tangu hapo yeye ni ndugu yangu kuliko ndugu, mwanawe ni wangu na mwanangu ni wake, na wakatuambia kwamba atakayemsaliti mwenzake, punje ile itamvimba tumboni mpaka imuue. Tulicheka, lakini tulimeza.

Vita ilipokuja tulipangwa kwenye ndege moja ya mizigo, ya pangaboi mbili, Bonifasi rubani wa kwanza na mimi wa pili. Fundi wetu alikuwa Deo, wa Bugene hapa, mtoto wa pekee wa mama yake. Deo alikuwa mlafi na mwimbaji, na mfukoni hakukosa kahawa ya kutafuna, akiwagawia hata majeruhi tuliowabeba. Sisi watatu tulikuwa tunazungumza Kinyambo hadi redioni, na wakubwa walitukaripia bila mafanikio. Tulipeleka unga na mapipa ya mafuta karibu na mpaka, tukarudi na watu waliolala chini kwenye sakafu ya ndege. Yote hayo yameandikwa mle kwa mwandiko wangu, na kila mstari ni wa kweli isipokuwa mmoja.

Siku ya mstari huo ilikuwa imenyesha. Kiwanja kilikuwa cha udongo, kifupi, na soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa juu ya mlingoti, ilionyesha kwamba upepo unatusukuma kutoka nyuma. Ndege ikitua na upepo wa nyuma kwenye tope haisimami, hilo utafundishwa wiki ya kwanza. Mimi niliiona soksi kabla ya wote. Nikamtazama Bonifasi usoni, nikaona ameshaamua, nikanyamaza. Alikuwa mkubwa wangu na alikuwa ndugu yangu, na nilidhani kumheshimu ni kumwacha. Aliyesema ni Deo, amesimama kati ya viti vyetu: "Garuka! Boni, garuka!" Wewe huhitaji kutafsiriwa. Geuza, rudi, turuke tena tuzunguke. Bonifasi akajibu, "Kaa chini wewe," akatua.

Tulipita mwisho wa kiwanja tukaingia mtaroni. Mimi nilivunjika mtulinga, Bonifasi hakuchubuka hata kidole. Pipa moja lilikatika kamba likamkuta Deo, kwa sababu hakuwa amekaa.

Siku ya tatu Bonifasi alinijia hospitalini na kitabu changu kwapani. Alikuwa na onyo moja tayari kwenye jalada lake, na jina lake lilikuwa kwenye orodha ya kwenda kusoma ng'ambo. Akaniambia, "Mimi la pili litanimaliza. Wewe huna doa. Watakukaripia tu, mwezi ukiisha umerudi hewani." Tulikuwa na kawaida ya kupokezana, safari moja yeye wa kwanza, nyingine mimi, kwa hiyo hakuna ambaye angeshangaa. Kisha akatoa buni moja mfukoni, akaipasua kwa meno, akaniwekea punje moja mkononi. Nikaitafuna, nikashika kalamu kwa mkono uliokuwa mzima, na kwenye safu ya rubani wa kwanza nikaandika jina langu.

Nataka uelewe kwamba hakunishika mkono. Niliandika mwenyewe, kwa wino, kwa mwandiko mzuri.

Kwenye uchunguzi tulikaa mbele ya maofisa watatu. Mtu wa redio wa pale kiwanjani, mtu wa pwani, alikuwa ameandika alichosikia dakika ya mwisho, naye kwa sikio lake la Kiswahili alisikia "karuka". Mwenyekiti akauliza, "Karuka nani? Karuka wapi, na ndege ilikuwa inashuka?" Wakacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe. Ndipo akauliza kama kuna anayejua ni neno gani, na chumba kizima tuliolijua tulikuwa wawili.

Bonifasi akasimama. "Afande, ni Kinyambo. Si karuka, ni garuka. Maana yake ni tua. Tua tu." Akaulizwa ni nani aliyelisema. Akaninyooshea kidole bila kunitazama. "Yeye. Mimi nilimsihi tuzunguke, hakusikia."

Kemi, nilikuwa tayari kukaripiwa kwa ajili yake. Hatukukubaliana kwamba ataigeuza hata lugha yetu. Alichukua neno la mwisho la Deo, la kutuokoa, akaligeuza likawa neno la kumuua, akanitia mimi mdomoni. Na mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake. Ningesema, "Afande, muulize Mnyambo yeyote barabarani." Sikusema. Nilihisi ile punje tumboni kama nimeimeza asubuhi hiyo. Nikaulizwa kama nina la kuongeza, nikajibu, "Sina, afande."

Nilitolewa kwenye urubani, nikawekwa stoo kuhesabu mablanketi, na vita ilipokwisha nikarudishwa nyumbani. Bonifasi alikwenda ng'ambo, akarudi, akapanda vyeo, akastaafu kwa mizinga ya heshima. Nimeona picha zake. Tumbo limevimba kweli, lakini ni la nyama choma.

Niliporudi, kazi ya kwanza ilikuwa kwenda Bugene kwa mama yake Deo. Nilichukua kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama mtu anavyokwenda kwenye msiba. Alikuwa ameshapata habari zote kutoka jeshini, kwa karatasi. Nikasema, "Shikamoo mama." Hakuitikia. Nikamsogezea kikapu. Akakisukuma kwa kiganja hadi kikafika miguuni pangu, akasema, "Kahawa yako sitaitafuna." Majirani wote walikuwepo. Tangu siku hiyo mpaka wiki hii nimepita njia ya juu kila ninapokwenda Kayanga, ule mzunguko uliokuwa unakuchosha miguu utotoni na kunifanya nikudanganye kwamba njia ya chini ina nyoka.

Unaweza kuuliza kwa nini sikusema baadaye. Mwanzoni niliogopa kiapo. Kisha niliona aibu, kwa sababu anayenyamaza mwaka mmoja atasema nini mwaka wa pili? Kisha nikakupata wewe uzeeni, ukanisamehe, nikaona basi, yameisha. Bonifasi hakunitafuta hata siku moja. Hakuandika, hakupiga, hakuja kumzika kaka yangu. Miaka zaidi ya arobaini hakukumbuka kwamba mwanangu ni wake, mpaka ulipompigia wewe.

Sijui kwa nini anakusaidia. Labda umri umemfikia, analipa kimya kimya. Labda ananiziba mdomo kwa mkono wako. Nimeyageuza haya yote na sijapata jibu, na sitajifanya ninalo ili uende ukimchukia. Nawe sijui kwa nini hukuniambia. Nadhani uliniona ninavyonuna jina lake likitajwa, ukaamua kupita njia ya juu. Umejifunza kwangu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, na hapo hasira yangu inakosa mahali pa kukaa.

Juzi Alhamisi niliposema nakwenda kuangalia bei ya kahawa, sikwenda. Nilipanda bodaboda hadi Bugene, njia ya chini, na kikapu cha kahawa mapajani. Mama yake Deo amekaribia tisini. Anaona kidogo lakini masikio ni mazima. Nikakaa kwenye mkeka nikamwambia yote, nikianzia kwenye soksi ya upepo niliyoiona mimi nikanyamaza. Nilipomaliza akaniuliza, "Mwanangu alisema nini hasa? Lirudie."

"Garuka."

Akalitamka na yeye, polepole, mara kadhaa, huku akitikisa kichwa. "Kumbe alitaka kurudi," akasema. Akalia, nami nikalia, mzee wa miaka sabini na ushee mbele ya binti wa jirani aliyekuwa anatuletea chai. Kisha akajifuta akawa mkali. "Na wewe umeniletea leo? Nimekaa na karatasi ya uongo ndani ya nyumba hii miaka yote, wewe uko Kihanga hapo unavuna ndizi?" Nikamsogezea kikapu. Safari hii hakukisukuma. Alikipapasa, akatoa buni moja, akaifunga kwenye ncha ya kitenge chake. "Nitaiweka," akasema. "Wewe umesema. Yule aliyetua hajasema. Akisema yeye, nitaitafuna."

Niliporudi nilitoa kitabu kwenye kopo. Kuna kanuni utakayofundishwa na ambayo mimi niliikumbuka nikiwa nimechelewa sana: katika kitabu cha rubani hakuna kufuta. Hukwangui kwa wembe, hupaki wino juu. Unachora mstari mmoja mwembamba juu ya kosa ili lisomeke bado, unaandika la kweli juu yake, unatia sahihi na tarehe ya siku unayosahihisha. Nimefanya hivyo. Jina langu kwenye safu ya rubani wa kwanza nimelipiga mstari, juu yake nimeandika la Bonifasi. Langu nimelihamishia panapostahili. Wino ni wa buluu tofauti, inaonekana vibaya. Kwenye safu ya maoni, ambayo siku ile niliiacha tupu, nimeandika: "Fundi alisema garuka, maana yake rudi. Rubani wa pili aliona upepo akanyamaza. Rubani wa kwanza alitua." Chini yake nimeacha nafasi ya sahihi moja zaidi.

Nenda kesho. Sitaki nafasi yako ipotee kwa ajili ya mtaro wa zamani, na usidhani nakuomba ukae. Kitabu nimekifunga kwenye ile kanga ya mama yako ya njano, nitakitia begini wewe ukiwa unakula, na ndani yake kuna kalamu. Mpe Bonifasi aufungue ukurasa ule. Mwambie kwamba mama yake Deo yuko hai na anasubiri. Usimgombeze, umsalimie kama unavyomsalimia mkubwa, kisha ukae umtazame. Akitia sahihi, nipigie saa hiyo hiyo, nitakwenda Bugene kwa miguu. Akikataa, nipigie pia. Akikufukuza kwake, shangazi yako wa Mbagala nimeshamwambia aandae kitanda, na chuo ni chako kwa matokeo yako, hayo nayajua niliyaona mwenyewe.

Na wewe ukiona huwezi kumpa, ukiona itakuharibia, niambie. Nitakasirika siku mbili, unanijua, halafu nitatafuta njia nyingine. Lakini usipige simu kuniambia umempa kumbe kimelala sandukuni. Nimeshiba uongo wa watu wanaonipenda, na wa kwanza wao ni mimi.

Kuhusu kuruka kwenyewe sina mengi. Ukiona upepo, sema, hata kama wa kando yako ni mkubwa, hata kama ndiye aliyekutafutia kiti hicho. Atakuita mjuaji. Mwache akuite. Na kitabu chako cha kwanza watakapokupa, kikiwa bado kinanuka duka, andika humo yale tu ambayo mikono yako imefanya.

Nasikia bodaboda inapanda. Kama ni wewe, umewahi, na begi hilo litakuwa na zipu mbovu. Nimekukasirikia bado, nakupenda, na yote mawili utayabeba kesho kwenye basi. Zamani nilikuwa naliogopa neno moja la kwetu, sikulitamka hata kwa kuita mbuzi. Leo nakuambia wewe kwa maana yake halisi, ile ya Deo.

Ukimaliza huko, garuka.

Tata yako,
rubani wa pili